Redio Mbovu Ni Shule ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Bujumbura, juu ya kabati au chini ya kitanda, kuna redio iliyonyamaza. Haikutupwa, kwa kuwa ilinunuliwa kwa fedha ya jasho. Wala haikupelekwa kwa fundi, kwa kuwa gharama ya kuitengeneza yakaribia bei ya nyingine mpya. Basi hukaa pale mwaka hata mwaka ikikusanya vumbi, pamoja na tochi isiyowaka, chaja iliyoungua na kigari cha mtoto kilichopotelewa na rimoti yake. Leo napenda kuzungumza na wasomaji wa ukurasa huu, hasa ndugu zetu askari na polisi, na wenzi wao wanaolea watoto nyumbani, juu ya mali hiyo iliyolala.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nina cheti cha ualimu, ingawa siku hizi kazi yangu ni ya meza na majalada. Sikusomea uhandisi. Niyajuayo kuhusu umeme mdogo, ule wa betri na redio, nimeyapata jioni baada ya kazi, kwa kukaa kando ya mafundi wa Buyenzi na kwa kufungua vitu vilivyokwisha kufa. Nasema hivyo ili msomaji asidhani kwamba shughuli hii ni ya wenye shahada. Ni ya kila mtu mwenye bisibisi, macho na subira. Na kati ya hivyo vitatu, subira ndiyo ghali kuliko vyote.

KWA NINI TUANZE NA VILIVYOKUFA

Wako watu ambao, mtoto wao akipenda mambo ya mitambo, hukimbilia kuulizia vifaa vya kununua kutoka ng'ambo: magari na ndege zinazoendeshwa kwa mawimbi ya redio, zikiwa tayari katika sanduku. Chombo kama hicho hufurahisha kwa wiki moja. Ya pili huanguka, na kwa kuwa hakuna aliyejua kilivyoundwa, hakuna ajuaye kukiponya. Mtoto amejifunza kubonyeza tu.

Kitu kilichokufa kina fadhila mbili. Kwanza, hakiogopeshi. Mtoto anayefungua redio mbovu hawezi kuiharibu zaidi ya ilivyo, na kwa hiyo mikono yake haitetemeki. Pili, kimejaa viungo vizima. Redio moja ya kaseti iliyotupwa ina mota ndogo, spika, swichi kadhaa, kitufe cha kupandisha sauti, springi, nyaya za rangi mbalimbali na antena ya kuvuta. Mashine mbovu ya kuchezea diski ina mota mbili au tatu. Kigari cha mtoto kina mota ya kwendea, kifaa cha kupindia magurudumu, na kibao kidogo kinachopokea amri za rimoti. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nami naongeza kwamba koleo lililovunjika lenyewe ni chuma cha kufulia jingine.

Pahali pa kupata vitu hivyo si pa mbali. Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Huko Kiswahili ndicho lugha ya kazi, na gari lililokataliwa kwingine hufufuliwa chini ya mti. Baada ya soko kuu la mji kuteketea kwa moto mwezi Januari 2013, biashara nyingi zilitawanyika mitaani, na mwenye kutembea kwa miguu Jumamosi asubuhi kati ya Buyenzi na Jabe hakosi kukuta meza yenye redio zilizopasuliwa. Msalimu mwenye meza kwa adabu, mwachie amalize kazi iliyo mkononi, kisha umwombe akuuzie mabaki asiyoyahitaji. Usimwombe bure. Na ukikaa naye nusu saa ukamtazama anavyotafuta kosa, umepata somo lisilouzwa kwa kilo.

Tena tufanye hima, kwa maana mafundi hao wanazeeka. Vijana wengi wa leo hutengeneza simu kwa kubadilisha kipande kizima. Wachache ndio wanaokaa na redio hadi wajue ni rezista ipi iliyoungua na kwa nini iliungua. Mzee akiondoka na bisibisi yake, maarifa ya miaka arobaini huondoka naye.

WALIOTUTANGULIA

Mambo haya si mapya. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliweka mashua ndogo ya chuma katika hodhi la maji mjini New York, mbele ya watu waliokusanyika, akaiamuru kwa mawimbi ya redio iende, ipinde na kuwasha taa zake, pasipo waya wowote. Wengine walidhani ni mazingaombwe. Mashua ile ndiyo babu wa kila kigari cha rimoti tukionacho leo, na babu wa zile ndege zisizo na rubani ambazo tangu mwaka 2016 zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kwa jirani zetu wa Rwanda.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya watu wenye maabara. Kule Malawi, wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, kijana William Kamkwamba alitoka shuleni kwa kukosa karo. Kabla ya hapo yeye na binamu yake walikuwa wakifungua na kutengeneza redio za wanakijiji. Akiwa nyumbani alisoma vitabu vya maktaba ndogo ya shule ya msingi, akaunda kinu cha upepo kwa baiskeli mbovu na pangaboi la trekta, akawasha taa nyumbani kwao. Vifaa vingi alivyovitumia vilikuwa vimetupwa na watu wengine.

SOMO LA KWANZA: TAA MOJA

Nimewafundisha watoto kadhaa wa jirani zangu hapa Ngagara, na daima naanza na jambo lile lile. Chukua betri tatu za tochi, kila moja ya volti moja na nusu, uziunge kwa mfuatano; jumla ni volti 4.5. Chukua kitaa kidogo chekundu cha diodi, kile kinachoonyesha kwamba redio imewashwa. Ukikiunga moja kwa moja kwenye betri zote tatu kitawaka kwa nguvu, kisha kitakufa. Sababu yake ni kwamba kitaa hicho kinahitaji volti 2 tu hivi, na hakina uwezo wa kuzuia kinachozidi. Lazima tumwekee mlinzi mlangoni, naye ni rezista.

Hapa ndipo mwalimu hufurahi, kwani hesabu ya darasani yapata kazi. Volti 4.5 ukitoa 2 zabaki 2.5. Kitaa chahitaji mkondo mdogo, sehemu ya kumi ya sehemu ya kumi ya ampea, yaani 0.01. Gawanya 2.5 kwa 0.01, wapata 250. Basi tunatafuta rezista ya omu 250, na iliyo karibu nayo madukani ni ya 270, ambayo hutambulikana kwa mistari yake mitatu ya kwanza: nyekundu, zambarau na kahawia. Mtoto aliyekuwa akichukia kugawanya kwa desimali huigawanya hesabu hii bila kulazimishwa, kwa sababu asipogawanya vema kitaa chake kitaungua. Aidha atagundua kwamba kitaa hakiwaki kikigeuzwa. Mguu mrefu sharti uelekee upande wa chanya. Ndivyo anavyojifunza kwamba umeme una njia na una mwelekeo.

Kitaa kisipowaka, hairuhusiwi kulalamika wala kufungua vyote kwa pamoja. Sheria ya meza yangu ni kupima jambo moja kwa wakati mmoja: kwanza betri, kisha swichi, kisha kila waya, kisha kila kiungo, mwisho kitaa chenyewe. Askari aliyefunzwa kazi ya mawasiliano ataitambua sheria hii mara moja, na polisi aliyewahi kupeleleza kosa ataitambua pia. Anayekisia hubahatisha, anayepima hujua.

SHEMEJI YANGU NA MWANAWE

Dada yangu ameolewa na askari. Burundi ilianza kupeleka askari wake Somalia mwezi Desemba 2007, katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani, na kwa miaka mingi iliyofuata nyumba nyingi za mji huu zilizoea kuhesabu miezi. Shemeji alikwenda, akarudi, akaenda tena. Aliporudi safari ya pili, mwanawe alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili na amekwisha kuizoea nyumba isiyo na baba. Hawakugombana. Huenda ingekuwa nafuu kama wangegombana. Mtoto alitoa shikamoo asubuhi, baba akaitikia marahaba; jioni vivyo hivyo; na kati ya salamu hizo mbili hapakuwa na neno. Baba alikaa barazani akitazama barabara. Mtoto alikaa nyuma ya nyumba na vitu vyake.

Kulikuwa na redio ambayo shemeji aliileta kutoka safari ya kwanza. Ilinyamaza akiwa mbali. Mtoto akaifungua, akitumaini kwamba baba akirudi ataikuta inasema. Lakini alipotaka kuifunga tena, hakujua kipi kilitoka wapi. Akavitia vipande vyote katika mfuko wa plastiki akauficha. Siku mfuko ule ulipoonekana, dada alinipigia simu. "Kaka," alisema, "njoo kabla hajarudi kazini. Sijui atafanya nini."

Nilifika, lakini shemeji alikuwa ametangulia. Aliutazama mfuko, akamtazama mwanawe, asiseme neno. Aliingia ndani akatoka na kitambaa cheupe, akakitandika mezani, akaanza kutoa vipande kimoja kimoja na kuvipanga kwa safu: skrubu ndefu huku, fupi kule, springi peke yake, nyaya peke yake. Kila askari anaujua mpangilio ule. Ndivyo silaha inavyofunguliwa na kusafishwa, ili hata gizani mkono ujue kila kipande kilipo. Alipomaliza akamwambia mtoto: "Kilichofunguliwa kwa mpango hufungwa kwa mpango. Kaa hapa."

Wakakaa. Mimi nilileta mita yangu ya kupimia umeme. Binti yao mdogo, wa miaka tisa, alipewa kazi ya kushika tochi. Tulipima spika, ikawa nzima. Tukapima swichi, ikawa nzima. Ni yule binti aliyeuliza kwa nini springi moja ya betri ilikuwa na rangi ya kijani ilhali zenzake zang'aa. Betri ya zamani ilikuwa imevuja, kutu ikaula waya ulioshikamana na springi ile. Tukausugua kwa msasa, tukalehemu waya mpya, tukafunga kwa mpango. Redio ikasema. Kazi yote ilichukua saa mbili, na katika saa hizo shemeji alizungumza na mwanawe kuliko alivyozungumza naye katika miezi mitatu.

Nimelifikiri jambo lile mara nyingi. Mtu aliyetoka mahali pa hatari hapendi kuulizwa maswali uso kwa uso, na mtoto wa miaka kumi na miwili naye hapendi. Lakini wakiwa wameinamia kitu kimoja, macho yakiwa kazini, maneno hutoka yenyewe. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hufunguka. Shemeji alianza kusimulia joto la Mogadishu, vumbi lililoingia katika kila mtambo, na namna walivyozisafisha redio za kikosi kwa brashi ya meno. Mwanawe hakuwahi kuyasikia hayo.

MASHUA YA BIDONI

Kutoka pale ilizaliwa desturi ya Jumamosi alasiri, na kazi iliyofuata ilikuwa mashua. Naipendekeza kwa kila nyumba, kwa sababu chombo cha majini hukusamehe. Hakianguki kutoka juu, hakimgongi mtu, na kikisimama chaelea tu hadi ukivute.

Mwili wa mashua ni bidoni ya mafuta ya kupikia ya lita tano, iliyopasuliwa kwa urefu. Mota ni ya kigari kibovu. Mhimili wake ni spoki ya baiskeli iliyopitishwa ndani ya mrija wa kalamu, na mrija ule hujazwa grisi ili maji yasipande. Rafadha, yaani pangaboi lisukumalo chombo, hukatwa kutoka bati la kopo la maziwa, mapanga mawili yaliyopindwa kidogo. Kingo za bati ni kali, kwa hiyo zisuguliwe kwa tupa kabla ya mtoto kuzishika. Betri hulala chini kabisa katikati, kwani zikikaa juu mashua hupinduka.

Jaribio la kwanza lifanywe katika beseni, si ziwani. Mashua ya mpwa wangu ilirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Baba alicheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu arudi, na mtoto akafikiri kidogo, akabadilisha nyaya mbili za mota, ile ya chanya kwa ile ya hasi, mashua ikaenda mbele. Hakufundishwa na mtu. Alikumbuka kitaa chake chekundu.

Ziwa letu lenyewe lina fundisho kuhusu kazi hii. Meli iitwayo Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma ikaunganishwa huko. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma vitani, waliizamisha wao wenyewe; lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi kabla ya kuizamisha. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza tena safari katika Ziwa Tanganyika, ikabeba abiria na mizigo kwa miongo mingi. Nilipowasimulia watoto habari hiyo, waliongeza grisi katika mrija wa kalamu bila kuambiwa.

KUAMURU PASIPO WAYA

Usirukie redio kabla ya kuielewa waya. Kwa majuma kadhaa mashua iendeshwe kwa waya mrefu wenye swichi mwishoni. Kisha ndipo uchukue kibao cha kigari ambacho rimoti yake ipo bado. Nyaya mbili zilizokwenda kwenye mota ya magurudumu ziunge kwenye mota ya rafadha. Na kile kifaa kilichopinda magurudumu kikafungwe kwenye usukani wa mashua. Kibao hakijui kwamba sasa kiko majini. Chapokea amri na kuitii.

Watoto huuliza kwa nini rimoti za zamani zilikuwa na antena ndefu na za sasa hazina. Jibu lake ni zuri. Rimoti nyingi za zamani zilitumia megahezi 27, ambazo wimbi lake moja lina urefu wa mita 11 hivi. Za sasa nyingi hutumia gigahezi 2.4, na wimbi lake lina sentimita 12 na nusu tu, basi antena yake yaweza kujificha ndani ya kasha. Redio ya nyumbani ya FM iko kati yao: wimbi lake ni la mita 3 hivi, na antena hufanya kazi vema ikiwa robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Pima ile antena ya kuvuta ya redio yako, uone ilivyo karibu na kipimo hicho. Kitu tulichokivuta kila siku bila kufikiri kina hesabu ndani yake.

Nyumbani kwa dada yangu hatua hii ilichukua miezi miwili. Siku mashua ilipopinda kulia kwa amri ya kwanza, mwenye rimoti alikuwa binti, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya kaka yake. Nawaomba wazazi wasiwafukuze wasichana mezani. Anayeweza kusuka nywele kwa mistari iliyonyooka anaweza kulehemu kiungo safi kuliko wengi wetu.

MIIKO YA MEZA

Sasa nafika kwenye yale ambayo hayana mzaha, na ningependa mama au baba ayasome kwa sauti.

Umeme wa ukutani haufunguliwi. Kitu chochote kinachochomekwa ukutani si cha mwanafunzi, hata kikiwa kimechomolewa. Ndani ya chaja na televisheni kuna kapasita zinazoweza kushika zaidi ya volti 300 baada ya waya kuondolewa, na televisheni za zamani zenye kioo cha bomba hushika nyingi zaidi. Tunacheza na betri za tochi tu.

Betri za simu zilizovimba hazitobolewi, hazikunjwi wala hazichomwi. Huwaka moto usiozimika upesi.

Kulehemu kufanywe penye hewa, mbali na jiko na vyombo vya chakula, na mtu mzima akiwa karibu. Risasi ya kulehemia aghalabu ina madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Kila mmoja anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mashua isipelekwe mdomoni mwa mto Rusizi wala ufukoni jioni. Viboko na mamba hawajui michezo. Na vyombo virukavyo si vya kuanzia. Mji wetu una uwanja wa ndege na kambi. Kitu kidogo kinachoruka pasipo idhini humtia wasiwasi aliye zamu, naye ana haki ya kuwa na wasiwasi. Atakayefika hatua hiyo na aulize kwanza mamlaka ya usafiri wa anga.

Mwiko wa mwisho nauweka peke yake: kilichookotwa chini hakifunguliwi. Meza yetu hupokea tu vitu ambavyo mwenyewe wajulikana, kutoka nyumbani au kwa fundi. Nchi yetu ilipita katika vita vilivyoanza mwaka 1993, na vita huacha ardhini vitu vinavyosubiri. Mpwa wangu aliambiwa sheria hii na baba yake Jumamosi ya kwanza kabisa, kabla ya kupewa bisibisi. Miezi kadhaa baadaye rafiki zake walimwita korongoni wakamwonyesha chuma cha mviringo kilichofunuliwa na mvua. Walidhani ni mota, wakataka yeye, aliye fundi wao, akifungue. Hakukigusa. Aliwaondoa wenzake, akaja mbio nyumbani. Shemeji alikwenda na polisi, pakazungushiwa kamba, na wenye ujuzi wakaja kukiondoa. Lilikuwa guruneti.

Usiku ule dada yangu hakulala. Shemeji alikaa barazani kama zamani, lakini safari hii mwanawe alikuwa kando yake, na walizungumza hadi taa za jirani zikazimwa. Sikuuliza walizungumza nini.

KWA MSOMAJI

Ndugu msomaji, sikuahidi kwamba redio mbovu itamfanya mwanao kuwa mhandisi, ingawa yawezekana. Wala si kila kitu kilichokufa kitafufuka. Mimi mwenyewe nina sanduku la vilivyokataa, nami navichuna viungo kidogo kidogo. Nisemalo ni kwamba katika nyumba ambazo baba au mama hukaa mbali kwa kazi ya taifa, yahitajika meza moja ambapo watu hukutana bila kulazimishana kusema. Wengine huipata shambani, wengine jikoni. Sisi tuliipata juu ya kitambaa cheupe chenye skrubu.

Jumamosi hii toa ile redio juu ya kabati. Ondoa betri zake kwanza. Tandika kitambaa, tafuta bisibisi inayolingana na skrubu, na kabla ya kufungua ya kwanza mwambie mtoto achore katika daftari mahali pa kila moja. Akikuuliza kilichomo ndani nawe hujui, mjibu hivyo hivyo, kisha mvute kiti akae, mkafungue mwone.